Namba za simu peke yake hazitakuuzia gunia

Wadogo zangu mnaoingia kwenye biashara ya nafaka, nawapenda, lakini mnanichosha. Kila mavuno yakianza naona sura mpya Kisenyi, kwenye mashine za nafaka hapa Kampala: kampuni imeshasajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni Uganda, TIN, namba ya mlipakodi, ipo, kadi zimechapishwa Nasser Road zinang'aa. Mnazunguka kwenye mashine za kusaga mkigawa kadi na kukusanya namba, kisha mwezi unaofuata mnalalamika kwamba wakubwa hawapokei simu. Watapokeaje, na hawakujui kwa lolote?

1. Usiombe mali kauli siku ya kwanza. Nunua kidogo kwa taslimu, rudi, nunua tena. Siku ya kukukopesha ikifika, mwenye ghala atakuambia mwenyewe.

2. Anayekuunganisha na mtu amekukabidhi jina lake. Hapa ndipo wengi mnapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kuna kijana niliyemwona akianza vizuri sana. Mama mmoja wa duka la jumla Kikuubo, soko la jumla la Kampala, alimpenda kwa uchapakazi wake, akampigia mnunuzi wa Nairobi huku kijana amesimama palepale kaunta: "Huyu ni mwanangu, mpokee kama unavyonipokea mimi." Mzigo wa kwanza ukaenda, ukalipwa, mama akapata kamisheni yake. Mzigo wa pili kijana akamruka. Alimpigia mnunuzi moja kwa moja, akashusha bei kidogo, akaona amepata faida. Mnunuzi hakumkatalia. Alikubali, akakata simu, kisha akampigia mama kumuuliza kama kuna ugomvi.

Kwa haraka yake kijana alipakia mahindi ambayo hayajakauka. Kanuni mnaijua: unyevu usizidi asilimia 13.5. Na Kenya ilipozuia mahindi yetu ya Uganda Machi 2021 kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilifungua tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumu hiyo iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Lori likakwama Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Safari ya kwanza, mambo yote ya mpakani yalikuwa yamefanywa na watu wa mama: wakala wa forodha, mwenye stoo yenye uwanja wa kuanikia, hata dereva. Safari hii wakala alimpigia mama kwanza: "Mama, kijana wako amekwama, tumsaidie?" Mama hakutukana wala hakupandisha sauti. Alijibu, "Mimi sina mzigo njiani," akaendelea kumhesabia mteja chenji. Nilikuwa pale, nilisikia.

Basi. Lori likadai pesa ya kulala kila siku, magunia yakaanza kutoa joto, na mwishowe akauza kwa dalali wa palepale kwa bei aliyotajiwa. Hajaonekana tena Kikuubo. Inaniuma kwa sababu alikuwa na uwezo kweli, na kilichomponza kilikuwa kamisheni ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mzigo ukifika, mpigie aliyekuunganisha kabla hajauliza. Mwambie umefika na umelipwa kiasi gani, umtumie chake kwa mobail mani siku hiyohiyo. Ukitaka kuanza kwenda mwenyewe, muombe ruhusa. Wengi wanaikubali, na wanakuunganisha na mwingine.

3. Mikutano ya harusi. Mnaikwepa kwa sababu inaomba pesa. Nendeni! Kampala wafanyabiashara hupimana pale: nani ameahidi laki mbili mbele ya watu, na nani amezileta kabla ya siku. Mweka hazina ana daftari, na huenda ndiye mwenye ghala unayemtafuta mwaka mzima. Ahidi unachokiweza, kilete mapema. Kwenye msiba peleka mabugo, yaani rambirambi, kaa na watu, na kadi ziache nyumbani. Nimeona kijana akizigawa makaburini, mkono ukaniwasha kumvuta sikio.

4. Kama mzigo hauzidi dola 2,000, tumia utaratibu wa wafanyabiashara wadogo na cheti chake rahisi cha uasilia, kinachoonyesha mali imetoka nchi gani. Pale mpakani juana na kina mama wanaovuka kila siku. Bei wanaipata kabla ya kundi lolote la WhatsApp.

5. Kisenyi salimia kwa Kiganda, Busia na Mpondwe, mpaka wa Kongo, kwa Kiswahili, na salamu iishe kabla hujataja bei.

6. Piga simu wakati huna shida. Aprili, mahindi yakiwa bado shambani, uliza mvua ya Masindi ikoje, uliza mtoto aliyekuwa hospitali amepona. Ukisikia bei imeshuka Kiryandongo, mwambie hata kama huna cha kumuuzia. Mavuno yakifika na lori lake likabakiwa na nafasi ya magunia 30, atatafuta mtu wa kuijaza usiku huohuo, na hatafungua droo ya kadi.