Nisome kitabu kipi kwa mtihani wa Java?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Naandika programu za Java kazini muda sasa na nataka nifanye mtihani wa cheti cha Oracle. Jamaa yangu kanipa kitabu chake kinene cha Java 8, anasema Java ni ileile tu, mwingine anasema ninunue vipya vitatu kabisa. Sasa nishike lipi? Na yale mafaili ya "maswali halisi" yanayozunguka kwenye magrupu vipi, yanafaa?
Msomaji, mchanganyikiwa

JIBU: Pole ndugu yangu, ila umeanzia kwenye kitabu wakati ungeanzia kwenye namba ya mtihani. Ule wa Java 17 ni 1Z0-829, wa Java 21 ni 1Z0-830, na kila mmoja una orodha yake ya mada kwenye tovuti ya Oracle, bure. Chagua namba kwanza, printi hiyo orodha, halafu ndo ushike kitabu na kulinganisha yaliyomo, mada kwa mada. Kitabu kisichotaja namba yako ya mtihani popote, hata kiwe kizuri vipi, hicho ni cha kujifunzia Java tu, si cha kukupitisha.

Hicho cha jamaa sasa. Java 8 ni toleo lililotoka 2014, na kwa lamda na strimu (njia fupi za kuandika kazi na kuchakata data) bado kitakufaa sana, hapo sibishi. Shida ni yale maswali ya "je, hii itakompaili?", yaani Java itaikubali kodi hii au itaikataa. Mfano, weka methodi ya private ndani ya interface: kitabu cha Java 8 kitakwambia inagoma, na kweli ilikuwa inagoma, ila kuanzia Java 9 inakubali, kwa hiyo ukikariri jibu la zamani unapoteza maksi ukiwa na uhakika kabisa kwamba umepata. Na rekodi, klasi za sealed, switch mpya, vitu vilivyoingia baada ya Java 8, humo hutaviona hata kwa dawa.

Vitatu vya nini? Chukua kimoja cha somo na kimoja cha mazoezi, vyote vya namba hiyohiyo. Cha mazoezi kipime hivi, fungua nyuma kwenye majibu, kama kimeandika tu "jibu ni C" kirudishe dukani, unataka kinachoeleza kwa nini A, B na D zimekosewa maana mtego upo huko. Wewe wa kazini ndo unanaswa zaidi, umezoea IDE (programu ya kuandikia kodi) ikupigie mstari mwekundu penye kosa na kwenye mtihani haipo. Angalia hii:

String s = "habari";
s.concat(" yako");
System.out.println(s);

Inaprinti habari peke yake, maana String haibadiliki na matokeo ya concat (kuunganisha maneno) hayajawekwa popote. Mifano kama hii iandike kwa mkono wako kwenye editor ya kawaida, bashiri kwanza halafu ndo uirani.

Hayo mafaili ya magrupu achana nayo. Oracle wamekataza na wakikubaini wanaweza kukufutia cheti, tena majibu ya humo hujui kayaandika nani. Wa 1Z0-830 una maswali 50 kwa dakika 120, kupita ni asilimia 68, kwa hiyo zile mock (mitihani ya majaribio) za kitabu zifanye kwa muda huohuo, simu ikiwa chumba kingine.