Wasomaji Wanauliza: Vidonge vya Kutoa Mimba

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja. Tumezichagua tano. Tunajibu kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 na sheria ya Kenya, kwa sababu waandishi wengi wako Kenya.

Rafiki yangu mmoja aliambiwa ameze vidonge, mwingine aliambiwa avinyonye. Nani alidanganywa? – Mwanafunzi, Eldoret

Hakuna aliyedanganywa, dada. Dawa ni mbili na kila moja ina njia yake. Ya kwanza ni mifepristoni, kidonge kimoja cha miligramu 200, ambacho humezwa kwa maji. Huzuia kazi ya projesteroni, homoni inayoishikilia mimba, na shingo ya kizazi huanza kulainika. Baada ya siku moja au mbili hufuata misoprostoli, mikrogramu 800. Kwa kuwa kidonge kimoja kwa kawaida kina mikrogramu 200, hivyo ni vidonge vinne kwa wakati mmoja. Hivi huwekwa chini ya ulimi, au viwili kila upande kati ya shavu na ufizi, au ukeni. Vya mdomoni hukaa dakika 30, kisha mabaki humezwa kwa maji. Misoprostoli ikimezwa moja kwa moja hupita kwenye ini kwanza, na kiasi kinachoufikia mfuko wa uzazi hupungua.

Mahali ambapo mifepristoni haipatikani, misoprostoli hutumika peke yake: mikrogramu 800, kisha kiasi hicho hicho tena kila baada ya saa tatu hadi mimba itoke. Njia hii nayo inakubalika, ingawa hushindwa mara nyingi zaidi na huleta kuhara na kutetemeka zaidi. Dawa mbili zikitumiwa kwa mpangilio sahihi, zaidi ya wanawake 95 kati ya 100 humaliza bila kuhitaji kusafishwa kizazi.

Vipimo hivi ni vya mimba isiyozidi wiki 12, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Anayehesabu tangu siku aliyokutana na mwanamume hujipunguzia karibu wiki mbili. Baada ya wiki 12 dozi hubadilika, hatari ya kuvuja damu huongezeka, na kazi hiyo ni ya hospitalini. Kama hukumbuki tarehe, mhudumu akupime tumbo au akufanyie altrasaundi.

Saa chache baada ya misoprostoli tumbo hukaza na damu hutoka nyingi kuliko ya hedhi, pamoja na mabonge. Baridi, homa kidogo, kutapika na kuhara siku hiyo hiyo ni kawaida. Ibuprofeni ya miligramu 400 hadi 600 hutuliza maumivu vizuri kuliko paracetamol. Mimba ikishatoka damu hupungua, kisha huendelea kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Kosa moja tunaliona mno: mtu humeza mifepristoni, haoni damu au anaona matone tu, akadhani imefanya kazi au imeshindwa, akaacha misoprostoli. Usiache hatua ya pili.

Mke wangu aliuziwa vidonge dukani, akaambiwa ameze viwili asubuhi na viwili jioni. Siku ya tisa leo, damu bado inatoka na tumbo linauma. Tunaogopa kwenda hospitali. – Mume, Nakuru

Ndugu yetu, mpeleke leo. Alichopewa si dozi: vidonge viwili ni nusu ya kinachotakiwa, tena vilimezwa. Kizazi hubana kidogo, mimba hukatika, mabaki yanabaki ndani. Hayo mabaki ndiyo huleta damu isiyokoma, na yakikaa, maambukizi.

Matibabu yake ni mepesi yakiwahi. Kizazi kikiwa bado kidogo, chini ya ukubwa wa wiki 14, misoprostoli mikrogramu 400 chini ya ulimi au 600 ya kumeza hutosha kwa wengi. Akivuja damu nyingi au akiwa na dalili za maambukizi, mhudumu hufyonza mabaki kwa bomba la mkono, kazi ya dakika chache. Kukwangua kizazi kwa chuma ni njia ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani halishauri tena; mkielekezwa huko, ulizeni kama bomba lipo au mpewe rufaa.

Msisubiri hata asubuhi akilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au akiwa na homa ya nyuzi 38 na zaidi baada ya siku ya dawa kupita, au uchafu unaonuka, au kuzirai, au maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo yanayopanda hadi begani. Hayo ya mwisho huashiria mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Vidonge hivi haviitoi mimba hiyo, nayo ikipasuka inaua.

Kuhusu hofu yenu: Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Matibabu ya mimba iliyotoka yenyewe na ya iliyotolewa ni yale yale. Mwambieni mhudumu alimeza nini na lini, ili asimpe dozi juu ya dozi.

Sheria inaruhusu au hairuhusu? Kila mtu ananiambia lake. – Muuguzi mpya, Kilifi

Zote mbili zipo kwenye vitabu, ndiyo maana unasikia kila mtu na lake. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 158 hadi 160, inaadhibu utoaji mimba usio halali: hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwingine, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa akijua kazi yake. Lakini Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Zingatia neno afya. Akili nayo imo. Na mtaalamu si daktari tu: Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inawataja pia wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki wenye mafunzo yanayohusika. Andika maoni yako ya kitaalamu kwenye faili, kwa tarehe na sababu. Faili tupu ndilo linalowaponza wahudumu.

Ng'ambo ya mpaka usibebe sheria ya Kenya. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inaacha mlango mwembamba wa kuokoa maisha ya mama, ingawa huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa. Rwanda, tangu sheria ya 2018, inaruhusu kwa ubakaji, mimba ya aliye bado mtoto, ndoa ya lazima, mimba ya ndugu wa damu, na hatari kwa afya, bila amri ya mahakama.

Nimebakwa wiki iliyopita. Niende wapi? – Hakutaja mji

Dada, kilichotokea si kosa lako. Nenda leo kituo chochote cha serikali chenye huduma ya waathiriwa wa ubakaji, au piga 1195, simu ya bure. Kutibiwa hakutegemei kuripoti polisi kwanza. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kama saa hizo zimepita bado nenda: utapimwa, utatibiwa magonjwa ya zinaa, na fomu ya PRC, ya kurekodi huduma baada ya ubakaji, itajazwa. Ukikuta mimba imetunga, mwombe mhudumu atathmini hali yako chini ya Kifungu cha 26(4) mapema, wiki zikiwa chache. Anayekuhubiria badala ya kukuhudumia, muombe akuelekeze kwa mwenzake.

Nani hapaswi kutumia vidonge hivi? Na kipimo changu bado ni chanya wiki ya pili baadaye. – Mama wa watatu, Mombasa

Mwenye mzio wa dawa hizi asizitumie. Mifepristoni haimfai mwenye ugonjwa wa tezi za adrenali au wa kurithi uitwao porfiria. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza. Mwenye koili, itolewe kwanza. Dawa za VVU hazizuii, na kunyonyesha pia.

Kuhusu kipimo, homoni ya mimba hubaki kwenye mkojo hadi wiki nne hivi, kwa hiyo chanya ya wiki ya pili haisemi kitu. Pima tena baada ya wiki nne. Lakini kama hukuwahi kutoka damu ya maana, au bado una kichefuchefu na matiti kujaa, usingoje wiki hizo; nenda ukaangaliwe sasa. Na mimba nyingine inaweza kutunga kabla hedhi haijarudi, hata ndani ya wiki mbili, basi ukiwa hapo kituoni omba njia ya uzazi wa mpango. Kipandikizi chaweza kuwekwa siku ile ile ya kidonge cha kwanza, na koili mara tu ikithibitishwa kuwa mimba imetoka.