Kidole cha nyanya kwenye karatasi ya mahudhurio

Mmeuliza wiki hii kama jamii za asili zinafaa kuwa na sauti kwa miradi inayofanywa kwenye ardhi yao. Mimi ni Ogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau hapa Kenya, natoka Nessuit, huku Mau Mashariki, na nasema ndiyo, tena bila kufikiria mara mbili. Lakini mimi ningeuliza hiyo sauti nani anaiandika, na anaiandika wapi.

Kuna baraza moja sijawahi kusahau. Chifu alituita saa tatu asubuhi uwanja wa shule, wageni wakafika saa saba na ramani kubwa, mambo ya mradi wa msitu. Wakaongea Kiswahili kigumu kimechanganywa na Kizungu, wazee hawashiki kitu, nikaambiwa nitafsiri kwa sababu nimemaliza fomu foo. Nyanya yangu akasimama akauliza swali moja tu, kwa hiyo ramani msitu wa ukoo wetu uko wapi na mizinga ya nyuki ya babu mmeiweka wapi. Maana kwetu kila ukoo una kipande chake cha msitu na mtu anajua mzinga wake uko mti gani. Afisa akasema swali zuri, litaandikwa. Halafu soda na mkate, halafu karatasi ikapitishwa, jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Nyanya hakujua kuandika, ni mimi nilimshika kidole gumba nikakibonyeza kwa wino nikamwambia ni ya kuonyesha ulikuja tu. Ndivyo nilivyoambiwa mimi pia.

Miezi ikapita, nikaiona ripoti kwa ofisi fulani, kurasa nyingi, na kule nyuma majina yetu yamepangwa chini ya maneno kwamba jamii imeshirikishwa na imeridhia. Kidole cha nyanya kiko. Swali lake haliko. Mpaka anafariki sikuweza kumwambia.

Watu husema Katiba ya 2010 imeshaweka ushiriki wa wananchi. Sawa, lakini sisi tulisikika tulipofika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Kesi ilifika hapo 2012, hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017, kwamba haki zetu zimekiukwa na kulinda msitu si sababu ya kututoa. Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi milioni 157.85, tupewe hati za ardhi, na tushauriwe kwa kufuata mila zetu. Novemba 2023 watu wetu wakabomolewa nyumba Sasimwani, kule Narok. Hapo nani alishauriwa?

Nilianza kuandika nikitaka kusema mabaraza yaongezwe. Sasa naona kama neno hapana halina mahali pa kuandikwa kwa ile karatasi basi msituite kabisa, angalau hamtakuwa na majina yetu ya kuonyesha. Ila tukikaa nyumbani kuna wenye watasimama kwa niaba yetu, wengine hata si wa kwetu, na kuna vijana wanazitaka kazi za kupanda miche na siwalaumu. Na wazee wanaume wakiachiwa peke yao sidhani nyanya angepata nafasi ya kuuliza. Kwa hivyo wakiita kesho nitaenda, nitatafsiri pia nikiombwa, lakini karatasi ikifika kwangu nitaandika juu yake kwamba ni ya mahudhurio tu, na maswali yaliyoulizwa nitayaandika nyuma moja moja kabla sijairudisha.