Jibini lilipita, asali ikatupwa: chakula kwenye begi la mkononi

SWALI: Mwezi uliopita nilisafiri na begi moja tu la mkononi. Ndani nilikuwa na chupa ya asali ya gramu 350 ambayo haijafunguliwa, kopo la siagi ya karanga lililobaki robo, kipande kikubwa cha jibini gumu, mkate na matunda. Kwenye ukaguzi wa kwanza asali na siagi ya karanga vilichukuliwa vikatupwa, jibini likaachwa. Nilipofika uwanja wa pili kubadilisha ndege, begi lilivutwa pembeni, jibini likatolewa na kupanguswa kwa kitambaa, nikasimamishwa karibu dakika ishirini. Mume wangu anasema ni hali ya afisa tu siku hiyo. Mimi naona asali si maji, na lile kopo lilikuwa karibu tupu. Walifuata kanuni gani? Safari ijayo nitakuwa na mtoto wa miezi tisa, nifanyeje na uji na maziwa yake? Na nikinunua chakula ndani, baada ya ukaguzi, nina amani mpaka mwisho wa safari?

JIBU: Pole, dada. Nimekaa miaka mingi mbele ya skrini ya eksirei kwenye ukaguzi wa abiria, na sasa nawafundisha wanaoanza kazi hiyo. Chakula kinachoishia kwenye pipa la ukaguzi kinaniuma hadi leo, kwa sababu karibu chote kingeweza kusafiri kama mwenyewe angeambiwa mapema. Yaliyokupata yote mawili yana sababu, na ni sababu mbili tofauti. Asali ilizuiwa na kanuni. Jibini lilicheleweshwa na picha.

Nianze na kanuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege kadhaa zinazotoka London kwenda Amerika Kaskazini. Vilipuzi vyao vilikuwa vya majimaji, vilivyotegemea haidrojeni peroksaidi, na walikusudia kuvipitisha ndani ya chupa za vinywaji baridi. Mashine za wakati ule zilionyesha umbo la chupa vizuri sana, lakini hazikuweza kutofautisha kwa uhakika kimiminika kimoja na kingine. Ndipo ikaja kanuni unayoijua: Marekani mwezi Septemba mwaka huohuo, Umoja wa Ulaya mwezi Novemba, kisha nchi nyingine nyingi. Kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vikae ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha kilichomo, wenye ujazo wa takriban lita moja na unaoweza kufungwa.

Kanuni hiyo haisemi maji peke yake. Inataja vimiminika, krimu, vitu vya kupaka, jeli na vya kupuliza. Sisi tunawafundisha maafisa wapya kujiuliza jambo moja: nikikitoa kitu hiki kwenye chombo chake, kitasimama chenyewe au kitatandaa? Jibini gumu husimama. Jibini laini la kupaka hutandaa, kwa hiyo linahesabiwa pamoja na mtindi, jamu, supu, mchuzi, siagi ya karanga na asali. Uzito wake wala unata wake hauiokoi asali, kwa kuwa hutiririka hata kama ni polepole. Mkate uliokwisha kupakwa siagi ya karanga nyumbani, kwa upande mwingine, ni mkate tu, na haushughulikiwi kama kimiminika. Abiria wengi huona ajabu kwamba kitu kilekile kinakataliwa kikiwa kwenye kopo na kuruhusiwa kikiwa juu ya mkate, lakini ndivyo ilivyo, nawe unaweza kunufaika na jambo hilo.

Kopo lako lililobaki robo lilikataliwa kwa sababu kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Afisa hana mizani wala kikombe cha kupimia. Ana maandishi yaliyo ubavuni mwa chombo, basi. Chombo cha mililita 340 ni cha mililita 340 hata kikibaki na kijiko kimoja. Hapa asali ina mtego wake wa pekee, maana huuzwa kwa gramu. Ni nzito kuliko maji, hivyo gramu 350 ni kama mililita 250, na mililita 100 za asali huwa na uzito wa karibu gramu 140. Usimtarajie mtu mwenye foleni ya watu mia mbele yake akupigie hesabu hiyo. Ukitaka kubeba asali, ihamishie kwenye kichupa kilichoandikwa wazi mililita 100 au pungufu. Kilichozidi kiende kwenye begi linalokabidhiwa kaunta, ambako kikomo hiki hakipo kabisa.

Sasa jibini, ambalo naomba nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani wameonewa.

Mashine ya eksirei ya begi hupiga miale ya nguvu mbili tofauti. Kwa kulinganisha namna kila mwale unavyopungua ukipita kwenye kitu, kompyuta hukadiria kitu hicho kimeundwa na elementi nyepesi au nzito, kisha hukitia rangi. Kwenye mashine nyingi, chuma na metali nyingine nzito huonekana bluu, vitu vya katikati huonekana kijani, na vitu vyenye kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni huonekana rangi ya chungwa. Chakula karibu chote ni cha rangi ya chungwa. Vilipuzi vingi navyo ni hivyohivyo. Kipande kikubwa cha jibini, bamba nene la chokoleti, keki iliyoshiba siagi: vyote hivyo vimeshikana, vina msongamano wa juu, na kwenye skrini hutokea kama tofali la chungwa lililokolea. Mkaguzi aliyefunzwa sawasawa hawezi kuliacha tofali hilo lipite hivihivi, hasa likiwa limelala juu ya chaja, nyaya na betri. Mimi mwenyewe nimesimamisha mabegi mengi kwa ajili ya jibini, na nitaendelea kuwafundisha wengine wafanye hivyo.

Kile kitambaa kilichopanguswa juu ya jibini lako kilikuwa kinatafuta chembechembe za vilipuzi. Huingizwa kwenye kifaa kidogo, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya sekunde chache. Dakika zako ishirini hazikutokana na kipimo. Zilitokana na kungoja zamu na kufungua begi lililofungashwa kwa tabaka. Kwenye uwanja wa kwanza huenda jibini lilikaa ubavu, likaonekana kama kipande chembamba, au lilikuwa peke yake upande mmoja. Mume wako ana haki kidogo hapo: mkaguzi mmoja huridhika na picha ambayo mwenzake angeitilia shaka, na uamuzi wa mwisho ni wa afisa aliye mbele yako. Lakini hiyo si chuki.

Kwa hiyo fungasha ukiifikiria picha. Weka chakula chote kwenye mfuko mmoja unaoonyesha kilichomo, juu kabisa ya begi, mbali na vifaa vya umeme. Jibini lililokatwa vipande vyembamba na kupangwa kwa safu moja halina umbo la tofali. Ukifika kwenye mkanda, utoe mfuko huo mwenyewe na uuweke kwenye treyi yake, hata kama hujaambiwa. Epuka kufunga chakula kwa karatasi ya alumini tabaka juu ya tabaka, na zawadi ya chakula usiifunge kwa karatasi ya mapambo kabla ya safari, kwani ikibidi ifunguliwe, itafunguliwa.

Vya unga havina kizuizi cha mililita 100, ila kwa safari za kimataifa zinazoingia Marekani unga unaozidi mililita 350, yaani ujazo wa kopo moja la soda, hupaswa kukaguliwa zaidi tangu katikati ya 2018, na usipotambulika hauingii kwenye kabini. Vyakula vya kopo vyenye mchuzi au maji vihesabu kama vimiminika. Matunda, mkate, biskuti na nyama iliyoiva isiyo na mchuzi havina shida kwenye ukaguzi. Kisu cha kuvikatia ndicho chenye shida: Marekani hairuhusu kisu chenye makali kwenye kabini, wakati Ulaya kikomo ni ubapa wa sentimita 6. Kata kila kitu nyumbani.

Kuhusu kugandisha, watu wengi hujaribu, na si wazo baya. Marekani inakubali chakula au mfuko wa barafu ulioganda kabisa wakati wa kupita kwenye mashine. Ukianza kuyeyuka na kuweka maji chini, unarudi kwenye kanuni ya mililita 100. Foleni ikiwa ndefu, barafu haikusubiri.

Kwa mtoto wako nina habari njema, na tafadhali usimpunguzie chakula kwa hofu. Maziwa ya mama, maziwa ya unga yaliyokorogwa, maji yaliyochemshwa kwa ajili yake na chakula chake laini kama uji vina msamaha sehemu nyingi duniani. Unaruhusiwa kuzidisha mililita 100, kwa kiasi kinacholingana na safari, ukihesabu na saa za kuchelewa. Vitoe kwenye begi na umwambie afisa kabla mkanda haujaanza kusogea, si baada ya begi kusimamishwa. Anaweza kuvipima kwa kifaa au kukuomba ufungue chombo. Nchini Marekani unaweza kuomba maziwa ya mama yasipitishwe kwenye eksirei wala kufunguliwa, wakatumia njia nyingine, na hata mama asiye na mtoto safarini anaruhusiwa kuyabeba. Uingereza nayo inamruhusu mama asiyesafiri na mtoto, kila chombo kisizidi mililita 2,000, lakini haikubali maziwa ya mama yaliyogandishwa kwenye begi la mkononi. Yawe baridi, yasiwe barafu. Vyombo vyenye kuta zinazoonyesha kilichomo hupita haraka kuliko chupa za chuma zinazotunza joto, maana chuma huficha kilichomo. Uji wa siku nzima ni bora uugawe kwenye vyombo vidogo vitatu au vinne: kimoja kikilazimika kufunguliwa, vingine vinabaki safi.

Ukinunua kitu baada ya ukaguzi, unaingia nacho ndegeni bila wasiwasi. Wasiwasi unakuja ukibadilisha ndege kwenye uwanja unaokukagua upya, kama ule ulioupitia. Supu au chupa ya jamu uliyonunua ndani ya uwanja wa kwanza ni kimiminika kwenye uwanja wa pili. Duka lisilotoza ushuru linaweza kukufungia kwenye mfuko maalumu wenye mpaka mwekundu, risiti ikiwa inaonekana ndani. Usiufungue hadi umalize safari yote, hata kwa kuonja. Ukifunguka njiani, kilichomo kinapoteza ulinzi wake.

Huenda umesikia kwamba kanuni ya mililita 100 imekufa. Haijafa, inaondoka uwanja mmoja mmoja. Viwanja vinafunga skana za CT, teknolojia ileile ya hospitalini, ambazo huligeuza begi kuwa picha ya pande zote na kukadiria msongamano wa kimiminika vizuri zaidi. Viwanja vya Edinburgh na Birmingham, huko Uingereza, viliruhusu vyombo vya hadi lita 2 Julai 2025. Ila tarehe 1 Septemba 2024 Umoja wa Ulaya ulikuwa umerudisha kikomo cha zamani hata kwenye viwanja vyenye skana hizo, kabla ya kuidhinisha baadhi yake mwaka uliofuata. Kwa hiyo fungasha kwa kufuata uwanja wenye kanuni kali zaidi kwenye njia yako, ukikumbuka na safari ya kurudi.

Kuna mlango mmoja hukuuliza, nami siwezi kunyamaza, kwa sababu unabeba jibini. Afisa wa ukaguzi wa usalama anatafuta silaha na vilipuzi. Afisa wa forodha, unakotua, anatafuta magonjwa ya mifugo na wadudu wa mimea. Wa kwanza kukupitisha hakumfungi wa pili. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka nchi nyingi zilizo nje yake, jibini likiwemo, ingawa maziwa ya unga ya watoto yanaruhusiwa hadi kilo 2 yakiwa kwenye kifungashio cha kiwandani na hayahitaji jokofu kabla ya kufunguliwa. Uingereza ilizuia nyama na maziwa yanayotoka Umoja wa Ulaya kuanzia Aprili 2025, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. New Zealand hutoza faini ya dola 400 za nchi hiyo papo hapo kwa tunda moja lililosahaulika kwenye begi. Marekani inataka utaje kila chakula ulichonacho. Ukitaja, kwa kawaida baya kabisa ni kuchukuliwa tunda lako. Faini huja kwa kutotaja. Kabla ya kununua jibini la safari ijayo, soma kwanza tovuti ya forodha ya nchi unayokwenda. Likikatazwa huko, mlile ndegeni, wewe na mume wako, kabla hamjatua.