Usisaini mapokezi ya mashine iliyo ndani ya kreti

Mkuu mleta uzi, usisaini. Kwanza hilo.

Umeandika kwamba chuo chenu cha maendeleo ya wananchi huku kando ya Ziwa Victoria kimepata fedha za serikali za ukarabati na vifaa, kwamba mzabuni ameshaleta mashine za karakana zikiwa kwenye makreti, na anataka kamati ya mapokezi isaini kabla ya tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, "ili fedha zisirudi Hazina". Ukauliza pia kianze kipi kati ya paa na vifaa. Nilipofika kwenye hiyo sentensi ya makreti nikaweka kikombe cha chai chini. Hayo maneno niliambiwa mimi mwaka 2019, karibu neno kwa neno.

Nilikuwa mkufunzi wa ufundi wa mitambo kwenye chuo kama chenu, na nilikuwa mjumbe wa kamati ya ukaguzi na mapokezi. Yaani mimi ndiye niliyewekwa pale ili nijue. Lethi nne za kukereza vyuma zilivuka Kigongo kwenda Busisi juu ya fuso, wakati huo ni kivuko tu, daraja bado. Zilifika Ijumaa tarehe 28 Juni. Tukabandua mbao upande mmoja wa kreti la kwanza, tukaona rangi ya kijani inang'aa, tukahesabu makreti manne, hati ya mzigo nayo inasema manne, tukasaini. Saa nzima haikuisha. Mkuu wa chuo alikuwa amepigiwa simu mara tatu siku ile na ofisa mmoja wa juu: saini, mengine yatarekebishwa.

Wiki iliyofuata tukafungua makreti yote. Kibao cha mota kinasema volti 400, fezi tatu (yaani umeme wa njia tatu), kilowati 5.5. Karakana yetu ilikuwa na umeme wa njia moja, volti 230, ambao hauwezi kuiendesha mota hiyo.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akichukua mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na vingi viliingia kwenye majengo yaliyokuwapo tayari. Leo vya serikali viko 54. Ukiingia kwenye karakana za zamani, waya zake zilifungwa kwa ajili ya taa, drili na jiwe la kunolea. Hakuna aliyewaza lethi nne zinazowaka kwa mpigo. Sisi tuliandika orodha ya vifaa tukiwa tumekaa ofisini, hatukumwita hata fundi umeme mmoja aje atazame mita.

Tukaenda TANESCO. Hawakutufanyia ubaya, walituambia ukweli: kuleta njia tatu mpaka karakana kunahitaji nguzo, waya na transfoma, na gharama ni ya chuo. Hela itoke wapi? Fungu lililokuja lilikuwa la vifaa, huwezi kulihamishia kwenye nguzo kwa kujisikia. Fungu la matumizi mengineyo, yaani la uendeshaji wa kila siku, linakuja kwa matone, na likija linaishia kwenye chakula cha wanafunzi, maji na luku. Tulikaa miezi 14, mkuu. Miezi 14 mashine ziko ndani ya makreti, na mlinzi anaanika dagaa juu yake kwa sababu ndiyo sehemu pekee mbuzi hawafiki. Anayetaka kucheka acheke, dagaa walikauka vizuri sana.

Katikati ya hiyo miezi ukatangazwa ugeni. Nikaambiwa angalau moja iwake. Akaletwa kijana akaifungia mota ya fezi tatu kapasita ili iende kwa njia moja. Niliwaambia mota ya kilowati 5.5 ikipewa fezi moja inapoteza nguvu na inachemka, na hiyo waya yetu haitabeba mshtuko wa kuwaka. Ikawashwa hivyo hivyo. Ilizunguka, wakapiga makofi, ilipoguswa na chuma ikaanza kunguruma, moshi ukatoka. Mota tukaipeleka Nyakato, Mwanza, ikasukwe waya upya kwa hela ya mapato ya ndani, yaani ada za watoto wa wavuvi waliouza samaki ili waje kujifunza kutengeneza shafti za mitumbwi ya injini.

Halafu vuli ikaja. Paa la karakana lilikuwa linavuja toka zamani na sisi tukaliruka kwenye maombi, kwa sababu mashine inapigwa picha na bati halipigwi. Makreti mawili yalilowa. Reli za lethi zikashika kutu, na reli ikila kutu huwezi kuipiga msasa ukasema imepona, kipande kitatoka na unene tofauti huku na huku.

Umeme wa njia tatu ulifika mwishoni mwa Agosti 2020. Nikampigia mzabuni kwa furaha kabisa, njoo utufungie. Akaniuliza mlisaini lini. Waranti ilikuwa ya miezi 12, inahesabiwa kuanzia siku ya mapokezi. Ilikuwa imekufa miezi miwili. Huyu ndiye mtu aliyeniangalia usoni siku ya makreti akasema, "Mwalimu, hii unachomeka tu." Unachomeka wapi? Alijua. Anauza mashine hizo, anajua zinakula umeme gani, na hakuniuliza hata swali moja kuhusu karakana. Na yule ofisa wa simu tatu, mkaguzi wa hesabu alipokuja hakuwepo kwenye karatasi yoyote. Karatasi ilikuwa na jina langu. Mkaguzi alinigeuzia faili akauliza, "Sahihi hii ni yako?" Nilikuwa na miaka 16 kazini. Nilijibu ndiyo, na mkono ulikuwa unatetemeka.

Kwa hiyo nakuambia: mashine iliyo ndani ya kreti haijafika. Imefika ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye zege, imepimwa usawa kwa pima maji, imeunganishwa na umeme wake wa kweli, na wewe mkufunzi umeikerezea chuma cha kweli siku nzima, siyo kuizungusha tupu dakika mbili. Gia zote zimejaribiwa. Vipuri vilivyoandikwa kwenye mkataba umevishika mkononi. Hapo saini, na waranti ianzie hapo.

Najua utaniambia zabuni siku hizi inapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, siyo kama zamani. Sawa, tangu 2023 mambo yako wazi zaidi, unaona nani kashinda na kwa bei gani. Lakini NeST haitakuja karakana kuwasha lethi. Hiyo kazi bado ni ya kamati yenu.

Na tarehe 30 Juni isiwatishe. Mwambie mkuu wa chuo apeleke barua leo kupitia kwa afisa masuuli (mwenye dhamana ya fedha hizo), kuomba kibali cha kuendelea kutumia bakaa, yaani fedha iliyobaki, mwaka ujao wa fedha, akiambatisha mkataba na maelezo kwamba ufungaji haujakamilika. Mzabuni akilia kwamba mzigo wake umekaa nje, mpokeleeni mzigo kwa maandishi haya: "Makreti yamepokelewa, hayajafunguliwa, ukaguzi bado." Mwandike hivyo kwa kalamu kwenye nakala zote, yake na yenu. Hiyo inathibitisha kwamba ameleta mzigo, haithibitishi kwamba mashine inafanya kazi. Akikataa kuyaona maneno hayo, jiulize kwa nini.

Paa, naam, lianze paa. Mashine chini ya bati linalovuja ni chuma chakavu kinachosubiri mvua.

Sasa fanya hivi jioni hii kabla ya kikao. Nenda nje ya karakana utazame waya zinazotoka kwenye nguzo kuingia kwenye jengo. Zikiwa mbili, hiyo ni njia moja. Zikiwa nne, ni njia tatu. Kisha bandua ubao wa kreti upande wa mota, upige picha kile kibao kidogo cha chuma chenye namba. Rudi hapa uniandikie waya ni ngapi na kibao kinasema volti ngapi. Niko macho.