Maswali ya Wasomaji: Nobu iliyopotea ya redio ya valvu

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina redio ya valvu ya Philips ya miaka ya 1950. Ilikuwa na nobu nne, yaani vifundo vya kuzungusha. Moja imepotea na nyingine imemeguka ukingo. Je, naweza kuyeyusha vipande vya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, nikavimwaga upya? Au nimpe kijana mwenye printa ya 3D? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Bakelaiti ikishaganda kiwandani haiyeyuki tena. Ukiichoma inaungua tu na kutoa moshi mbaya. Printa nayo huacha mistari, na ukiipiga msasa mpaka iishe, yale meno madogo ya ukingoni yanakwenda nayo. Kwa kuwa nobu nzima unazo, mwaga rezini (plastiki ya majimaji inayoganda) kwenye kalibu ya silikoni (mpira laini wa kumimina).

Chagua nobu nzuri kuliko zote, maana hata mkwaruzo wa ukucha utajirudia kwenye nakala. Ioshe, ing'arishe, kisha ziba tundu na uwazi wa mgongoni kwa nta. Plastisini, ule udongo laini wa kufinyanga, tuiache: nyingine zina salfa, na silikoni ya platini (inayogandishwa kwa kichocheo cha platini) ikigusana na salfa hubaki telezi, haigandi. Glavu za mpira wa asili zina tatizo hilohilo.

Gundisha mgongo wa nobu kwenye kioo, uzungushie kikopo kinachoacha nafasi ya milimita 10 kila upande na juu. Pima silikoni na kigandishi chake kwa mizani ya dijitali, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakoharibu kalibu nyingi. Mimina pembeni, taratibu, kwa uzi mwembamba, ijipandie yenyewe juu ya nobu. Iache siku nzima.

Rezini iwe ya poliyurethani, ile ya sehemu mbili. Nyunyiza poda ya talki ndani ya kalibu kisha ikung'ute: rezini itaingia kwenye meno bila kuacha viputo. Rangi itie kabla ya kuunganisha sehemu mbili, kwa sababu aina nyingi zinaanza kuganda ndani ya dakika chache. Kwa rangi ya maziwa, anza na nyeupe, kisha njano na kahawia kwa ncha ya kijiti. Adui mkubwa hapo Tanga ni unyevu. Kopo lililokaa wazi msimu wa masika hutoa nobu iliyoumuka kama andazi, kwa hiyo nunua kidogo na ufunge vizuri.

Rezini peke yake haihimili skrubu inayobana nobu kwenye shafti (kijiti cha redio kinachovikwa nobu), nyuzi zake hulika upesi. Mwombe fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka) akuchongee bushi ya brasi, yaani kibomba kidogo cha kuingia katikati ya nobu. Kwanza pima kipenyo cha shafti kwa vernia (kipimo cha vipenyo vidogo): redio za Ulaya bara kwa kawaida ni milimita 6, za Uingereza ni 6.35. Ukikosea, nobu itacheza au haitaingia kabisa. Tundu la kuingizia bushi kwenye nobu litobolewe kwa drili ya kusimama. Kwa drili ya mkono nobu itazunguka mshazari.

Jambo la mwisho usilipuuze. Kama namba ya modeli inaishia na herufi U, chasisi yake (fremu ya chuma ya ndani) inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja, na shafti pia. Skrubu ya nobu izame ndani kabisa, na tundu lake ulijaze nta kabla ya kuchomeka plagi.