Hilo ulilogonga ni jiwe, siyo mwamba: kwa kijana anayechora reli ya uwanja wa ndege Mwanza

Mdogo wangu, hiyo ripoti usiipeleke kwanza.

Nimesoma uzi wako wote. Reli ya mjini kutoka stesheni hadi Uwanja wa Ndege, kama kilomita 10, kupitia Kirumba na Pasiansi. Unauliza geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ipi, umeme au dizeli, nauli iweje, abiria utawakadiriaje. Sawa. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kimyakimya: mashimo manne ya uchunguzi yametosha, yote yamegonga mwamba kati ya mita 4 na 7, na nguzo za daraja la reli zitakaa hapo. Hapo damu ilinichemka, kwa sababu sentensi hiyohiyo niliisoma kwenye ripoti nyingine iliyopigwa muhuri, na tukaijengea.

Nani amekwambia ni mwamba?

Mwanza ni graniti, hilo hata mtoto wa Mabatini analijua. Ila graniti haiozi sawasawa. Maji hupenya kwenye nyufa, yanaanza kuila kandokando, na baada ya muda mrefu sana pale palipokuwa na nyufa panageuka mchanga na udongo, katikati yanabaki mawe magumu ya mviringo. Ardhi nzima inakuwa kama kashata: karanga ngumu ndani, zimezungukwa na kitu laini. Yale mawe unayoyaona yamebebana vilimani, na Jiwe la Bismarck lenyewe pale majini, yalikuwa chini ya ardhi, udongo ukachukuliwa na mvua yakabaki wazi. Yaliyobaki chini hatuyaoni. Shimo lako la uchunguzi linaweza kutua juu ya mojawapo, ukarudi nyumbani unasema umefika mwisho.

Sisi tulikuwa na daraja la barabara, huku huku upande wa Ilemela. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa udongo upande wa mkandarasi. Mhandisi mshauri alileta ripoti yake: nyundo imegoma mita ya 5. Unajua kipimo chenyewe: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka milimita 760, unahesabu mapigo mpaka chombo kishuke sentimita 30. Ikifika mapigo 50 kabla ya kushuka kiasi hicho, wanaandika imegoma na wanafunga mtambo. Hapo wanachojua ni kwamba kuna kitu kigumu. Unene wake hawaujui. Kuna mtu kwenye kikao aliuliza mbona hatuendelei kuchoronga mita chache zaidi, akajibiwa kwa dharau: "Mwanza nzima ni mawe, mnatafuta nini tena huko chini?"

Jibu hilo bado linaniuma. Yule mshauri alikuwa analipwa kwa mkupuo. Kila mita aliyoacha kuchoronga ilibaki mfukoni mwake, na kila mita aliyoiacha tulikuja kuilipa sisi mara nyingi zaidi. Alikuwa na shahada, alikuwa na muhuri, na alijua vizuri graniti iliyooza ikoje. Alichagua bora liende.

Msingi wa upande mmoja ukamwagwa zege. Upande wa pili, tulipokuwa tunasafisha ule "mwamba" ili tumwage, mwendesha ekskaveta akaupitishia ndoo pembeni ukacheza. Ukacheza! Tukachimba kuuzunguka. Lilikuwa jiwe la upana wa kama mita mbili, zuri kabisa juu, kijivu safi, na chini yake mchanga wa kahawia unaotoa maji, unaumega kwa vidole. Tukarudi haraka kule tulikokwisha kumwaga. Masika ilipokolea kona moja ya msingi ikashuka, ufa ukatokea. Tukavunja zege letu wenyewe, tukasubiri mtambo wa paili (nguzo ndefu za msingi zinazozamishwa ardhini) utoke Dar, mkandarasi na mshauri wakaingia kwenye barua za kutupiana lawama, na wananchi wakabaki wanazunguka njia ndefu. Mshauri alilipwa. Vijana wa kibarua ndio waliosimamishwa kazi.

Hiyo ilikuwa barabara. Lami ikishuka kidogo unaziba, magari yanapita. Reli yako haina msamaha huo. Reli ikifungwa kwenye zege juu ya daraja, nguzo moja ikishuka milimita kadhaa kuliko jirani yake, treni inaanza kugonga pale, mwendo unapunguzwa, na matengenezo hayaishi.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ndiyo sababu nimeandika usiku huu: ukigonga jiwe, endelea. Choronga kwa mtambo wa kuzungusha unaotoa sampuli nzima, uende angalau mita 5 ndani ya mwamba mzuri usiokatika. Hong Kong, ambako graniti imeoza kama ya kwetu, hiyo mita 5 ni desturi, na paili kubwa kila moja huchorongewa shimo lake. Ukigonga jiwe mita ya 4 na kulitoka mita ya 6, hesabu inaanza upya.

Kisha usiridhike na karatasi. Nenda kayaone masanduku ya sampuli kwa macho yako. Angalia ncha za vipande. Jiwe lililozikwa mara nyingi lina ganda la rangi ya kutu juu, kijivu katikati, halafu kutu tena chini, na baada ya hapo sanduku lina pengo au mchanga. Pengo kwenye sanduku ni habari, usikubali mtu aliandike "sampuli imepotea" akapita. Na anayekuuzia upimaji wa mitetemo (kuitikisa ardhi na kupima mawimbi yanavyosafiri) peke yake umkatalie: kipimo kile mara nyingi hakioni tabaka laini lililofichwa chini ya gumu. Kiambatanishe na kipimo cha ukinzani wa umeme ardhini, halafu uhakikishe kwa kuchoronga.

Ukitaka mfano wa reli kabisa, soma habari za Porto, Ureno. Mji wa graniti iliyooza. Wakichimba handaki la metro, mashine ilikutana na jiwe gumu na udongo kwa pamoja; huku inahangaika kusaga jiwe, udongo wa juu ukawa unaingia kupita kiasi. Januari 2001 ardhi ikatitia na mtu akafa. Walibadilisha namna ya kuiendesha mashine wakamaliza, na tangu 2006 treni za kwenda uwanja wa ndege zinapita mjini humo. Inawezekana, sijasema uache.

Geji: reli ya zamani iliyofika Mwanza 1928 ni ya milimita 1,000, SGR ya Mwanza–Isaka ni ya 1,435. Fuata hiyo ya pili, usijifungie na ya kwanza. Ukipita karibu na njia ya kurukia ndege, soma Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kabla ya kuchora nguzo za umeme: kwa uwanja mkubwa wenye mitambo ya kuongoza ndege kutua, eneo la kulinda ndege linaanza mita 60 nje ya mwanzo wa njia hiyo na kupanda mita 1 kwa kila mita 50. Yaani mita 300 mbele ya hapo kimo cha eneo hilo ni mita 6 tu, na nguzo zako zisikivuke. Na usinikwepee vilima kwa kuibandika reli ufukweni. Ziwa lilivyopanda 2020 na 2024 wote tuliona.

Kesho asubuhi mpigie aliyechoronga mashimo yako manne. Muulize kila shimo aliendelea mita ngapi baada ya kugonga, na masanduku yako wapi. Yapige picha, kila sanduku na kina chake kionekane, uziweke hapa kwenye uzi. Nitazipitia moja moja.